Maswali na Majibu: Mfumo Wako Una Hali Ngapi?

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wanafunzi, waandishi wa programu na mafundi wa seva, ila zote zinagusa jambo moja: mifumo ya kompyuta ambayo wakati wowote iko katika hali moja kati ya hali zinazohesabika, na hutoka hali moja kwenda nyingine kwa kuruka, kama swichi ya taa. Muamala umelipwa au haujalipwa. Kufuli, yaani alama inayozuia wawili kugusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, limeshikwa au liko huru. Foleni ina watu 3 au 4, haiwi na watu 3 na robo. Mfumo wa aina hii huchorwa kwa maduara, ambayo ndiyo hali, na mishale, ambayo ndiyo mipito. Ukishachorwa, unahesabika. Barua tumezifupisha.

Mzazi anakatwa ada mara mbili

*Ndugu Mhariri, nimeandika programu ya kupokea ada ya shule kwa pesa za simu. Mtandao ukisumbua na jibu lisipokuja ndani ya sekunde 30, programu inaandika "imeshindwa". Mzazi anabonyeza Lipa tena, halafu anakatwa mara mbili. Nimeongeza muda hadi sekunde 90. Tatizo limepungua lakini halijaisha. — Msomaji, Dodoma*

Kuongeza sekunde hakutakufikisha, kwa sababu kosa haliko kwenye saa. Programu yako inajua miisho miwili tu, imelipwa na imeshindwa, na ukimya unalazimishwa uingie katika mmojawapo. Ukimya si hapana. Huenda ombi lilipotea likiwa njiani kwenda. Huenda pia lilifika, mzazi akakatwa, na jibu ndilo likapotea likirudi. Ukiwa upande wako huwezi kuyatofautisha hayo mawili. Unahitaji hali nyingine, HAIJULIKANI, na ikae kwenye hifadhidata kama hali kamili.

Chukua karatasi uchore jedwali. Kwenye safu mlalo weka hali tano: IMEANDALIWA, IMETUMWA, HAIJULIKANI, IMELIPWA, IMEKATALIWA. Kwenye safu wima weka matukio matano: tunatuma ombi, limekuja jibu la ndiyo, limekuja jibu la hapana, muda umeisha, mteja kabonyeza Lipa tena. Visanduku ni 25. Vijaze vyote, hata kile unachoapa hakiwezi kutokea. Humo andika "haitarajiwi, mjulishe msimamizi". Asiyekuwapo na lake halipo: kisanduku ulichokiacha kitupu ndicho kitakachoamuliwa na bahati siku mtandao ukiyumba.

Visanduku vinne ndivyo vinavyowaponza wengi.

HAIJULIKANI na mteja kabonyeza tena: usitume ombi jipya. Uliza kwa mtoa huduma hali ya ombi la zamani, kwa namba yake ileile.

IMELIPWA na ndiyo ya pili: jibu "nimepokea" kisha usifanye kitu. Mitambo ya malipo hurudia taarifa yake isipopata jibu, kwa hiyo ndiyo mbili kwa muamala mmoja ni jambo la kawaida.

IMEKATALIWA na ndiyo: hili ndilo watu husahau. Pesa imeingia baada ya wewe kufunga hesabu. Usiifute na usiipuuze. Iende kwenye orodha ya kuangaliwa na mhasibu.

IMEANDALIWA na ndiyo: unadhani haiwezekani? Inawezekana ukiandika IMETUMWA *baada* ya kutuma. Programu ikizimika katikati, pesa imekwenda na kumbukumbu inasema bado. Andika IMETUMWA kwanza, hifadhi, ndipo utume.

Namba ya muamala itengenezwe mara moja tu, katika IMEANDALIWA, na hifadhidata izuie namba hiyo kujirudia. Kisha kila mpito uwe na sharti ndani ya amri yenyewe, kwa mfano:

UPDATE malipo SET hali='IMELIPWA' WHERE namba='A1027' AND hali IN ('IMETUMWA','HAIJULIKANI');

Angalia idadi ya safu zilizobadilika. Ikiwa 1, wewe ndiye uliyeuvusha muamala, toa risiti. Ikiwa 0, kuna aliyekutangulia au hali si uliyoitarajia. Soma upya kabla ya kugusa kitu. Ukisoma hali kwa amri moja na kuibadilisha kwa amri nyingine bila kufuli, nyuzi mbili za programu, yaani kazi zake mbili zinazokwenda sambamba, zitapishana hapo katikati na kila moja itatoa risiti yake.

Seva ina nafasi ya 10% lakini inakokota

*Seva yetu inahudumia maombi 90 kwa sekunde. Tulipoipima peke yake, ilimaliza ombi moja kwa milisekunde 10, maana yake inaweza 100 kwa sekunde. Mbona watumiaji wanangoja milisekunde 100 wakati bado kuna nafasi? Na je, tununue seva ya pili au moja yenye kasi mara mbili? — Msomaji, Eldoret*

Seva yako haina hitilafu. Inafanya vile hesabu inavyotaka.

Hapa hali ni idadi ya maombi yaliyomo ndani: 0, 1, 2, 3 na kuendelea. Mshale wa kupanda una kasi 90 kwa sekunde, wa kushuka 100. Mfumo ukitulia, mara unazovuka kutoka hali 3 kwenda 4 lazima zilingane na mara unazorudi kutoka 4 kwenda 3. Kwa hiyo uwezekano wa kila hali ni 0.9 ya ule wa hali iliyo chini yake, na uwezekano wa kukuta seva tupu ni 0.1. Jumlisha, utapata kwamba ndani kuna wastani wa maombi 9, na muda wa wastani ni 1 kugawanya kwa tofauti ya 100 na 90, yaani sekunde 0.1. Ndizo milisekunde 100 ulizopima. Kati ya hizo, 10 ni za kuhudumiwa na 90 ni za kupanga foleni.

Angalia kinachotokea ukisogea kidogo tu. Maombi yakifika 95 kwa sekunde, muda unakuwa milisekunde 200. Yakifika 99, unakuwa sekunde nzima, na ndani kuna wastani wa maombi 99. Ile "nafasi ya 10%" haikai pamoja ikikusubiri. Imetawanyika katika vipande vidogo vya sekunde ambavyo hakuna aliyebisha hodi, na kipande kilichopita hakiwekwi akiba. Wa kwanza kuitumia hesabu ya namna hii alikuwa Agner Krarup Erlang, Mdenmaki aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Makala yake ya kwanza kuhusu simu zinazoingia ilitoka mwaka 1909.

Sasa ununuzi. Kwa maombi 90 kwa sekunde:

Seva mbili za kasi ya sasa, kila moja na foleni yake, maombi yakigawanywa nusu kwa nusu: milisekunde 18.2.

Seva mbili zilezile, foleni moja mbele yake, iliyo huru inachukua anayefuata: milisekunde 12.5.

Seva moja yenye kasi mara mbili: milisekunde 9.1.

Tofauti ya mstari wa kwanza na wa pili haina gharama ya mashine hata moja. Ni mpangilio tu. Katika foleni mbili, ombi linaweza kukaa nyuma ya mwenzake huku seva ya pembeni imekaa bure. Umewahi kuona benki wakifanya foleni moja ya kamba mbele ya madirisha manne? Sababu ni hii. Seva moja ya kasi inashinda zote kwa wastani, lakini ikizimika umezimika nayo. Tungenunua mbili na kuzipa foleni moja.

Tahadhari mbili. Hesabu hii inachukulia kwamba maombi huja bila mpangilio na muda wa huduma unatofautiana sana. Kama kila ombi linachukua milisekunde 10 kamili bila kupungua wala kuzidi, muda wa foleni unakuwa nusu: milisekunde 45 badala ya 90. Kinyume chake, ripoti moja ya mwisho wa mwezi inayochukua sekunde 8 ikipita dirisha lilelile na maombi madogo, foleni itapaa kupita namba zetu zote. Ipe ripoti foleni yake.

Ya pili ni mipaka ya foleni. Ikiwa seva inakubali maombi 10 tu ndani kwa jumla na mengine inayakataa, kwa mzigo wako wa 0.9, yaani 90 kugawanya kwa 100, itakataa 5.1% ya maombi. Ukiruhusu 20, itakataa 1.4%. Ukiruhusu 50, 0.05%. Kabla hujapandisha hadi 5,000 ukidhani umemaliza tatizo, kumbuka kwamba aliyekubaliwa akiwa wa 5,000 atangoja sekunde 50, na mtumiaji atakuwa ameshafunga ukurasa zamani. Seva itakuwa inapikia wageni walioondoka.

Kagua vipimo vyako pia kwa kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961: wastani wa walio ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Maombi 90 kwa sekunde mara sekunde 0.1 ni 9. Ikiwa kila ombi linashika muunganisho wa hifadhidata kwa sekunde hiyo 0.1 yote na umeweka miunganisho 5, basi hupitishi zaidi ya maombi 50 kwa sekunde hata seva iwe ya dhahabu.

Programu inaganda, haitoi kosa lolote

*Tunahamisha fedha kati ya akaunti. Kila uhamisho unafunga akaunti inayotoa, kisha inayopokea. Mara moja au mbili kwa wiki programu inaganda kabisa. Kwenye majaribio haijawahi kuganda. — Msomaji, Zanzibar*

Ni mkwamo. Uhamisho P unatoka A kwenda B. Kwa wakati uleule Q unatoka B kwenda A. P kashika A anasubiri B. Q kashika B anasubiri A. Hakuna atakayeachia. Majaribio hayajauona kwa sababu unahitaji P na Q kupishana ndani ya upenyo mwembamba, na mtu mmoja anayejaribu kwa mkono hawezi kuupata upenyo huo.

Tuuhesabu, maana ni mdogo na unaonyesha njia yote. Kila uhamisho una hali tatu: 0 hana kufuli, 1 kashika la kwanza, 2 kashika yote mawili. Wawili kwa pamoja wana mchanganyiko wa 3 × 3, yaani 9. Andika kila mchanganyiko kama jozi, P kwanza. Jozi (2,1), (1,2) na (2,2) haziwezekani, kwa kuwa zingehitaji kufuli moja lishikwe na wawili. Zimebaki sita: (0,0), (1,0), (2,0), (0,1), (0,2) na (1,1). Sasa tafuta mshale unaotoka katika kila moja. Tano zinayo. Kutoka (1,1) hakuna mshale hata mmoja. Hapo ndipo programu yako inapolala.

Ukitaka mchoro unaoonyesha makufuli yenyewe, tumia wavu wa Petri, uliopewa jina la Mjerumani Carl Adam Petri na unaotokana na tasnifu yake ya mwaka 1962. Maduara ni mahali, vijiti ni mipito, na tokeni ni vidoti vinavyohama. Hapa utachora maduara 8: kufuli A, kufuli B, hali tatu za P na hali tatu za Q. Vijiti ni 6: kila uhamisho una kushika la kwanza, kushika la pili, na kuachia yote. Kijiti hufyatuka pale tu kila duara linaloingia ndani yake lina tokeni. Mwanzoni weka tokeni kwenye kufuli A, kufuli B, P0 na Q0. Fyatua "P ashike A", kisha "Q ashike B". Maduara ya makufuli yote mawili yatakuwa matupu, na hakuna kijiti kinachoweza kufyatuka.

Wavu una faida nyingine: unakagua mchoro wako kwa kujumlisha. Tokeni za kufuli A, P1, P2 na Q2 zikijumlishwa lazima ziwe 1 daima, maana A liko huru au lina mwenyewe mmoja. Ukipata hali ambayo jumla ni 0 au 2, umechora mshale vibaya, au programu yako inasahau kuachia kufuli kwenye njia ya makosa. La pili huwa ndilo, mara nyingi.

Dawa: funga kwa mpangilio wa namba ya akaunti, ndogo kwanza, bila kujali nani anatoa na nani anapokea. Wote wataanza na A. Hali (1,1) inafutika yenyewe, zinabaki tano, na kila moja ina mshale wa kutokea. Hakikisha namba zinalinganishwa kama namba. Zikilinganishwa kama maandishi sehemu moja ya programu na kama namba sehemu nyingine, "10" itatangulia "9" huku na kufuata kule, na mkwamo utarudi mlangoni.

Kama makufuli ni ya hifadhidata, hifadhidata yenyewe ingelikuondoa kwenye mkwamo: ile ya PostgreSQL hungoja sekunde 1 kwa mpangilio wake wa kawaida kisha hukagua na kumtoa mmoja kwa kosa 40P01, na InnoDB, injini ya hifadhidata ya MySQL, humtoa mmoja kwa kosa 1213. Programu yako inatakiwa ilipokee kosa hilo na kurudia uhamisho mzima tangu mwanzo. Kwa kuwa yako inaganda kimya, tunahisi makufuli yako yamo ndani ya programu yenyewe, ambako hakuna mlinzi.

SPIN imemaliza kumbukumbu yote

*Ninatumia SPIN kwa mradi wa chuo. Modeli ina wateja, seva, na njia mbili za ujumbe zenye nafasi 5 kila moja. Aina za ujumbe ni 4. Kompyuta ina GB 8. Inakimbia dakika kumi kisha inasema imefika kikomo cha MEMLIM. Nifanyeje? — Mwanafunzi, Morogoro*

Kwanza kwa wasomaji wengine: SPIN ni programu iliyoanzishwa na Gerard Holzmann katika maabara za Bell. Unaandika modeli kwa lugha ya Promela, nayo inapita kila hali inayofikika ikitafuta mkwamo au sharti lililovunjwa.

Kabla hujaongeza kumbukumbu, hesabu. Njia yenye nafasi 5 na aina 4 za ujumbe inaweza kuwa tupu, au na ujumbe mmoja wa aina 4, au miwili kwa namna 16, na kuendelea: 1 + 4 + 16 + 64 + 256 + 1,024 = 1,365. Njia mbili: 1,365 × 1,365, ni zaidi ya 1,860,000, na bado hujaweka mteja hata mmoja. Punguza nafasi ziwe 2. Kila njia ina yaliyomo 21, mbili kwa pamoja 441. Umepunguza mara 4,225 kwa kubadilisha tarakimu moja. Makosa mengi ya itifaki, kama ujumbe kupitana au jibu la zamani kudhaniwa jipya, huonekana tayari kwa nafasi 1 au 2. Anza na 1, kisha 2, kisha 3. Usianze na 5.

Kisha pita kwenye vigeu. Umeandika kiasi cha fedha kama int, yaani namba kamili? Hicho peke yake kina thamani zaidi ya bilioni 4. Ikiwa sharti unalolikagua linauliza tu kama salio linatosha, weka bit moja: linatosha au halitoshi. Kigeu cha muda kirudishe 0 mara ukimaliza kukitumia. SPIN haijui kwamba hukihitaji tena. Kwake hali mbili zinazotofautiana kwa kigeu kilichokufa ni hali mbili.

Hatua zinazofuatana ndani ya mchakato mmoja bila kugusa kitu cha pamoja zifunge kwa atomic au d_step, maneno ya Promela yanayozifanya zipite kama hatua moja. Ila usifunge kile ambacho katika mfumo halisi kinaweza kukatizwa. Ukifanya hivyo, kosa unalolitafuta utakuwa umelifukia mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo uguse vyombo. Mpangilio wa kazi ni:

spin -a modeli.pml
cc -O2 -DMEMLIM=6000 -DCOLLAPSE -o pan pan.c
./pan -m100000

MEMLIM ni kwa MB. Isipotajwa ni 1,024, kwa hiyo huenda GB 7 za kompyuta yako hazijaguswa. COLLAPSE hubana hali zikae padogo, kwa gharama ya muda. Kikomo cha kina kisipotajwa ni hatua 10,000. Ukiona onyo kwamba kina ni kidogo mno, basi sehemu ya mfumo haikukaguliwa hata kama makosa ni 0. Ikishindikana kabisa kuna -DBITSTATE, inayoweka alama tu kwa kila hali badala ya hali nzima. Hiyo inapata makosa vizuri, lakini ikisema hakuna kosa usiandike kwenye ripoti kwamba umethibitisha. Baadhi ya hali zinaweza kurukwa.

Kosa likipatikana, spin -t -p modeli.pml itakuonyesha njia hatua kwa hatua. Na makosa yakiwa 0, usifurahi kabla ya kusoma sehemu iliyoandikwa unreached. Humo kuna mistari ya modeli isiyofikiwa kamwe. Seva isiyopokea ujumbe wowote kwa sababu umekosea jina la njia haitavunja sharti lolote.

Seva mbili, tutazimika dakika ngapi?

*Seva yetu moja huharibika kwa wastani kila saa 1,000 na kutengenezwa kwa saa 4. Mkurugenzi anauliza tukiongeza ya pili tutapata nini. — Msomaji, Goma*

Seva moja: inafanya kazi 1,000 katika kila saa 1,004. Kwa mwaka wa saa 8,760, inazimika kama saa 35.

Seva mbili, fundi mmoja: hali ni 2, 1 na 0, idadi ya seva zilizo hai. Kutoka 2 kushuka, kasi ni 2 kwa saa 1,000, kwa kuwa yoyote kati ya mbili inaweza kufa. Kutoka 1 kushuka, ni 1 kwa saa 1,000. Kupanda ni 1 kwa saa 4 katika hatua zote. Sawazisha kama tulivyofanya kwenye foleni: hali 1 ni 0.008 ya hali 2, na hali 0 ni 0.004 ya hali 1, yaani 0.000032 ya hali 2. Gawanya kwa jumla, 1.008032. Hali 0 inachukua saa 0.278 kwa mwaka, takriban dakika 17.

Kutoka saa 35 hadi dakika 17! Usimpelekee mkurugenzi namba hiyo bado. Hesabu imechukulia kwamba kifo cha seva moja hakihusiani na cha nyingine. Huenda zote mbili zinakula umeme wa jenereta moja, zinapita ruta moja, na zina toleo lilelile la programu. Tuseme katika kila hitilafu 20, moja inaziua zote mbili kwa mpigo. Ongeza mshale kutoka 2 moja kwa moja hadi 0, wenye kasi 0.1 kwa saa 1,000, na upunguze ule wa 2 hadi 1 kuwa 1.9. Hali 1 inabaki 0.008 ya hali 2. Hali 0 sasa inapokea kutoka pande mbili: 0.000032 pamoja na 0.0004. Matokeo ni takriban saa 3 na dakika 45 kwa mwaka.

Mshale mmoja mwembamba, hitilafu moja katika 20, umezidisha muda wa kuzimika zaidi ya mara 13. Ukitazama jumla ile utaona kwamba 0.0004 imeimeza 0.000032, kwa hiyo kuongeza seva ya tatu kwenye jenereta ileile kungepunguza ile ndogo tu. Fedha hiyo inunue betri na ruta ya pili. Peleleza daftari la hitilafu la mwaka mmoja, hesabu ngapi ziliua zote mbili, na uweke sehemu hiyo badala ya 1 katika 20 yetu.

Uigaji unatoa jibu tofauti kila nikiuendesha

*Nimeandika programu ya kuiga foleni. Leo wastani ni milisekunde 84, kesho 117. Kosa liko wapi? — Msomaji, Kampala*

Huenda hakuna kosa. Foleni yenye mzigo wa 0.9 ina mawimbi marefu: ikijaa hukaa imejaa, kwa hiyo wateja 1,000 wanaofuatana ni kama ushahidi wa watu wachache tu waliosimulia jambo moja.

Endesha mara 10, kila mara na mbegu tofauti ya namba za bahati. Kila mara tupa mwanzo, tuseme wateja 10,000 wa kwanza, kwa sababu ulianza na foleni tupu na utupu huo unashusha wastani. Chukua wastani mmoja kutoka kila mzunguko. Hizo namba 10 ndizo data yako. Kiasi cha kuongeza na kutoa ni 2.262 (namba ya jedwali la t kwa vipimo 10 na uhakika wa 95%) mara mchepuko wao wa kawaida, gawanya kwa kipeuo cha pili cha 10. Kwa mfano, wastani ukiwa 98 na mchepuko 12, jibu ni 98, juu au chini 8.6, yaani kati ya 89.4 na 106.6. Jibu la kweli kwa mzigo huo na huduma ya milisekunde 10 ni 100, na limo ndani. Kila programu mpya ya uigaji ijaribu kwanza kwa foleni ambayo jibu lake unalijua kwa kalamu.

Kagua pia unavyotengeneza muda kati ya wateja. Ukichukua namba yoyote kati ya 0 na mara mbili ya wastani, wastani utakuwa sahihi lakini vipindi virefu vitakosekana, na foleni itaonekana fupi kuliko ilivyo. Chukua namba ya bahati U iliyo kati ya 0 na 1, tafuta logi yake ya asili, badilisha alama, gawanya kwa kasi ya kuingia. Na U isiwe 0 kamili, programu itakufa kwenye logi.